Gundi Kwenye Feri ya Rukia

Mwalimu Mkuu aliponiambia niitie gundi ile mashine, nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi na ulimi wangu ulikuwa mzima. Badala yake nilisema, "Sawa, Mwalimu," nikaenda dukani kununua gundi ya mafundi wa mabomba. Nimefanya kazi katika maabara na stoo za elimu kwa zaidi ya miaka ishirini, hapa Malindi na kule Kilifi, na vijana wanaojenga roboti siku hizi wakija kuniuliza mambo yalikuwaje zamani, hutarajia niwasimulie ushindi. Kazi yenyewe nitaisimulia. Lakini nimeona nianze na jambo hili, kwa sababu nikiliweka mwisho najijua, nitalipita pembeni.

Kazi niliianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika shule moja ya sekondari upande wa Kilifi. Kabla ya hapo nilikuwa nikitengeneza redio katika kibanda cha ami yangu karibu na soko la Malindi, na cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa kimelala sandukuni miaka mingi. Cheo nilichopewa kiliitwa msaidizi wa maabara. Siku ya kwanza Mkuu wa Idara ya Sayansi, mtu mrefu aliyevaa koti jeupe hata Jumamosi, alinipa kreti ya mirija ya kioo, ile ya kufanyia majaribio, pamoja na brashi na sabuni.

"Unajua kuosha vyombo?" akaniuliza.

"Nyumbani huosha mke wangu, Mwalimu."

"Basi hapa mke ni wewe. Tazama." Akatia maji katika mrija, akayamwaga, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. "Maji yakiteremka kwa pamoja kama kitambaa, mrija ni safi. Yakijigawa matone matone, kuna mafuta. Rudia."

Nilirudia mpaka adhuhuri. Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Mtu wa maabara huingia kabla ya somo, akapanga kila meza kile itakachohitaji, na hubaki baada ya somo akarudisha kila kitu mahali pake. Nilijifunza kuchanganya asidi na maji, kila mara asidi ndiyo inayotiwa ndani ya maji na si kinyume chake. Nilijifunza kunoa visu vya kupasulia vyura, na kuifunga mizani kwa kitambaa ili upepo wa chumvi usiile. Mkuu yule hakuwa mtu wa kusifu. Miaka mitatu niliyokuwa chini yake aliniambia mara moja tu kwamba kazi yangu inaridhisha, na nililala na neno hilo kama mtoto na mwanasesere.

Nilihamishiwa Malindi, katika shule ya mchanganyiko iliyokuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alisifu. Akikuona umebeba ndoo alisema, "Bila wewe, Bwana Omari, shule hii ingekuwa na kiu." Alipenda wageni, alipenda kabati la vikombe, na alipenda kila kitu kionekane kizima. Binti yangu Rukia alijiunga na shule hiyo hiyo, na alikuwa kidato cha tatu lilipokuja lile sanduku.

Sanduku lililetwa na mwalimu mstaafu kutoka Ulaya aliyekuwa akija Malindi kupumzika kila mwaka. Ndani mlikuwa na matofali madogo ya plastiki ya kuchezea watoto, yale yenye vichuchu juu na matundu chini, unayobana moja juu ya jingine yakashikana. Sisi tuliyaita vitofali. Pamoja nayo kulikuwa na mota ndogo mbili, magurudumu yenye meno ambayo huitwa gia, taa, na kitu kidogo kilichotambua mwanga ambacho sisi tulikiita jicho. Leo ninyi mnasema kihisi. Kulikuwa pia na kompyuta, ya kwanza kuingia shuleni kwetu, na kisanduku cha kuunganishia kilichokaa kati yake na mashine. Ukiandika amri kwenye kompyuta, kisanduku kinapeleka umeme kwenye mota, na jicho likiona kitu, kisanduku kinairudishia kompyuta habari. Amri zenyewe ziliandikwa moja moja kwa Kiingereza chepesi: washa, subiri, zima. Tuliziweka kwenye disketi, sahani nyembamba ndani ya bahasha, nazo nilizihifadhi katika kopo la maziwa ya unga pamoja na mchele mkavu, kwa sababu unyevu wa pwani uliziharibu.

Walimu waliliogopa sanduku lile. Mimi nilikisoma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa nikiwa na kamusi, nikaanzisha kikundi cha Jumamosi. Walikuja wanafunzi kumi au zaidi, lakini baada ya mwezi kila mtu alijua kwamba mwenye kikundi ni Rukia.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo mwanzoni ilinikera. Akijenga kitu kikakataa, hakukirekebisha. Alikifumua chote, mpaka kitofali cha mwisho, akavipanga mezani kwa rangi na kwa urefu, kisha akaanza upya.

"Umekosea gia moja tu," nilimwambia siku moja. "Kwa nini uvunje yote?"

"Nikiacha ya jana imesimama, Baba, naionea huruma. Nitaipangia visingizio. Vitofali hivi kazi yake ni kuachana. Vikishikana moja kwa moja ni mdoli tu wa kuweka juu ya redio."

Flati zile nyembamba, yaani vitofali bapa, zilikuwa ngumu kuachanisha, na yeye alizing'ata kwa meno ya mbele mpaka mama yake akamwambia ataolewa na nani akiwa kibogoyo.

Mashine aliyoichagua kuipeleka mashindanoni ilikuwa feri. Wakati huo daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa, na mtu yeyote aliyekwenda Mombasa alivuka kwa feri hadi Mnarani, akikaa foleni juani huku wafanyakazi wakibishana gari lipi limezidi. Rukia alijenga feri, na mbele yake kizuizi cha kuinuka na kushuka. Upande mmoja wa njia aliweka taa na upande wa pili jicho, kila kimoja juu ya nguzo yake. Gari la kuchezea likipita, lilikata ule mwanga, na kompyuta ikaongeza moja. Likiingia gari la sita, mota iliizungusha gia, kizuizi kikashuka, na la saba likabaki nje hata dereva wake awe nani.

Mshindi wa mashindano yale, yaliyofanyika Kilifi, angepelekwa Nairobi likizo nzima kujifunza kompyuta chuoni, pamoja na wanafunzi waliotarajiwa kuwa wahandisi. Rukia hakutaka kitu kingine. Alikuwa amekwisha kuazima sweta kwa shangazi yake kwa sababu ya baridi ya Nairobi, na mashindano yalikuwa bado wiki tatu.

Siku ya wazazi, Mwenyekiti wa bodi ya shule alisimama mbele ya feri. Kwa kuipenda, akaishika kwenye mnara wake akainyanyua juu. Mnara ukabaki mkononi mwake, na feri ikamwagika sakafuni mpaka chini ya viti vya wazee. Watu walicheka. Rukia naye alicheka, akapiga magoti, akaokota, na katika muda wa kunywa chai alikuwa ameijenga tena. Mwalimu Mkuu hakucheka.

Wiki ya mashindano aliniita ofisini.

"Bwana Omari, mashine gani hii inayovunjika mkononi mwa mgeni?"

"Haikuvunjika, Mwalimu. Iliachana tu. Ndivyo vitofali vilivyoundwa."

"Mgeni hajui kuvunjika wala kuachana. Anajua imeanguka. Na keshokutwa tunaipakia kwenye pikapu, njia yenyewe unaijua. Itie gundi. Ikirudi na ushindi naiweka hapa kwenye kabati la kioo."

"Karatasi ya mashindano inasema waamuzi wanaweza kumtaka mwanafunzi abadilishe sehemu ya kazi yake papo hapo."

"Wanaweza. Umewahi kuwaona wakifanya hivyo?"

"Sijawahi, Mwalimu."

"Basi. Na huyo binti yako usimwambie kwa sasa, atatulilia hapa bure. Mimi nikiwaambia watu shule yangu ina fundi, nakusudia wewe."

Ningependa kuandika kwamba alinitisha kwa barua ya kazi, au kwamba aligonga meza. Hakufanya hivyo. Alinisifu, na sifa ilinitosha.

Gundi ya mabomba haishiki plastiki kama gundi ya karatasi inavyoshika karatasi. Huiyeyusha. Kitofali cha juu na cha chini huyeyuka kidogo mahali vinapokutana, na vikikauka vinakuwa kitu kimoja, huwezi tena kusema hiki kimeishia hapa na kile kimeanzia pale. Nilijua hivyo. Nilianza kazi baada ya sala ya alasiri, wanafunzi walipokuwa uwanjani. Nilitumia brashi ndogo ya rangi za maji. Nilipomaliza nguzo ya kwanza bado ningeweza kuacha, maana nguzo moja ingeweza kutengwa na nyingine kuwekwa mahali pake. Niliendelea. Naona haya kusema kwamba niliufurahia unadhifu wa mkono wangu: hakuna tone lililotoka nje ya mstari.

Jioni tukiwa tunakula, Rukia aliniuliza, "Feri umeifunga vizuri, Baba?"

"Iko imara."

"Imara vipi? Usiwe umeikaza kamba ikapinda."

"Haijapinda. Kula wali wako."

Mama yake akasema, "Mwache baba yako, alikuwa fundi kabla hujazaliwa." Nikainamisha kichwa kwenye sahani.

Kule Kilifi ukumbi ulijaa. Meza yetu ilikuwa karibu na dirisha, na mimi nilisimama hatua tatu nyuma ya Rukia, kwenye nyaya za umeme. Mwalimu Mkuu alikuwa kando yangu na suti yake ya rangi ya kijivu. Feri ilifanya kazi bila kosa. Magari sita yaliingia, la saba likazuiwa, na wafanyakazi wawili wa feri halisi waliokuja kutazama wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Ajiriwe huyu, sisi twende zetu nyumbani."

Mwamuzi mkuu alikuwa mama wa makamo, mhadhiri kutoka Mombasa, mpole wa sauti. Aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, likija basi kubwa, linakula nafasi ya magari mawili. Mashine yako italihesabu ngapi?"

"Moja, mama."

"Unaweza kuifanya ilihesabu mawili?"

Rukia alitabasamu. Jibu alikuwa nalo tangu mwezi uliopita, tulilijaribu pamoja: unaongeza jicho la pili juu ya lile la kwanza. Gari dogo hupita chini yake bila kuligusa, lakini basi kwa urefu wake hukata mwanga wa macho yote mawili. Ni kazi ya kutoa vitofali vinne na kuvirudisha.

Alishika kile cha juu kwenye nguzo akakivuta. Hakikutoka. Alijifuta vidole kwenye sketi akavuta tena. Alijaribu cha pili. Kisha akainama akakishika kwa meno, kama alivyozoea, na watu wa meza za jirani wakaanza kucheka. Msichana mmoja wa shule nyingine akasema, "Feri imekwama matopeni, iteni tingatinga." Rukia alivuta kwa nguvu, na nguzo nzima ikakatika, ikaacha ncha kali.

Mwamuzi akaichukua ile nguzo, akapitisha kidole gumba mahali ilipokatika.

"Hii imetiwa gundi. Nani alikujengea?"

"Nimejenga mwenyewe, mama."

"Aliyejenga mwenyewe hushangazwa na gundi yake? Nani ametia?"

Rukia akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa akingoja. Nadhani alitarajia nitasogea mbele na kusema lolote lile, hata la uongo. Mwalimu Mkuu aliinua macho akatazama dari. Mimi nilitazama plagi iliyokuwa mkononi mwangu. Ilikuwa na misumari mitatu ya shaba, mmoja umepinda kidogo, na ninaikumbuka hata leo.

"Sijui, mama," Rukia akasema.

Mwamuzi akaandika. Baadaye ilisomwa kwamba kazi ya shule yetu imeondolewa kwa kuwa inaonekana kujengwa na mtu mzima. Siku hizo mwanafunzi aliyeondolewa kwa sababu ile hakuruhusiwa kuleta kazi mwaka uliofuata.

Tulirudi kwa pikapu. Rukia alikaa nyuma na feri mapajani, na alipoteremka nyumbani aliiacha pale kwenye gari. Uani alisimama mbele yangu.

"Ulijua imetiwa gundi?"

"Niliitia mimi."

"Lini?"

"Alhamisi, alasiri."

Akafikiri kidogo, kama mtu anayehesabu vitofali. "Alhamisi jioni ungeniambia, Baba, ningejenga nyingine. Vipande vilivyobaki sandukuni vilitosha nguzo mpya. Ningekesha."

Mama yake, aliyekuwa akisikia kutoka jikoni, alitoka na mwiko mkononi akaniambia, "Bwana Omari, kesho wende kwa hao waamuzi uwaambie." Katika ndoa yetu hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile. Nilimwambia nitakwenda. Badala yake nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu kumwomba aandike barua, na yeye akasema, "Yamepita, tusichafue jina la shule." Kwa mara ya pili nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Feri iliwekwa kwenye kabati la kioo, upande uliokatika umegeuziwa ukutani. Wageni waliisifu. Vitofali vingi na mota zote mbili zilikuwa zimo humo, kwa hiyo kikundi cha Jumamosi hakikuwa na cha kujengea kikafa chenyewe. Nilijaribu kuviachanisha kwa wembe, kwa mafuta ya taa, kwa maji ya moto. Vilipasuka. Mwaka uliofuata Mwalimu Mkuu alinipendekeza, nikapandishwa cheo na kupelekwa Kilifi kusimamia stoo ya vifaa vya sayansi. Nilikubali cheo hicho. Nilifanya kazi huko mpaka nikastaafu, chini ya maofisa wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika neno baya katika faili langu.

Vijana wanaokuja kwangu leo hujenga roboti zinazotembea na kubeba vikombe vya maji, na macho ya mashine zao ni madogo kuliko punje ya mtama. Wakinitaka ushauri huwaambia mambo ya ufundi: panga vipande kabla ya kuanza, hifadhi programu mahali pawili, usiunganishe waya umeme ukiwa umewashwa. Huwaambia pia kwamba kazi ya mwanafunzi ni yake, na mtu mzima akitaka kuigusa aombe ruhusa. Hilo huliitikia kwa adabu, wakarudi kwenye nyaya zao.

Rukia hakwenda Nairobi. Alimaliza kidato cha nne akaajiriwa katika duka la dawa, na sasa analo la kwake huko Kilifi. Nilimwomba radhi, nilichelewa karibu mwaka mzima lakini nilimwomba, naye akasema, "Nimekusamehe, Baba," na ninaamini ni kweli. Kila mwezi huniletea dawa zangu za presha. Huniamkia shikamoo, hunikalisha pazuri, husimama nikisimama. Alipoposwa mimi ndiye niliyekuwa walii wake, lakini shauri alilifanya na mama yake na ami zake, nikaletewa likiwa limeiva. Alipojenga nyumba niliiona imekwisha kuezekwa. Mumewe alipolazwa hospitali nilisikia kwa jirani.

Tangu ile jioni ya uani hajaniuliza tena jambo lolote, wala kunionyesha kitu chochote akitaka kujua naonaje. Hunitunza vizuri, ila haniamini. Kwa kuitia gundi feri yake na kwa kunyamaza pale ukumbini, nilipoteza imani ya mwanangu, na miaka yote hii haijarudi.